Opareta wa Chebitet na Mashine Mpya ya Simu

Kwa miaka kumi na saba, mtu yeyote aliyetaka kuzungumza na mwenzake ndani ya shamba la chai la Chebitet, Kericho, alipitia kwa Eucabeth. Uliinua mkono wa simu, ukazungusha kile kishikio cha pembeni mara mbili tatu, na huko ofisini kifuniko kidogo cha shaba kikadondoka kwenye ubao uliokuwa mbele yake. Alichomeka plagi, akasema, "Chebitet, nikupe nani?" na kabla hujamaliza kutaja jina, tayari alikuwa amekuunganisha. Namba hakuzihitaji. Alijua kwamba saa mbili asubuhi karani wa mizani anatafuta kiwanda, kwamba saa nne Sista Tecla wa zahanati anatafuta stoo kuulizia dawa, na kwamba msimamizi wa Divisheni ya Sita, Mzee Kimeli, hupiga saa saba kamili kuuliza kama barua zimefika, hata siku za sikukuu ambapo posta imefungwa.

Alikuwa ametoka Nyakach, kwa Wajaluo, akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, akapata kazi, kisha akampata Kepher, fundi wa umeme kiwandani. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Celine, na tangu hapo shamba zima likamwita Mama Celine. Kipsigis chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha simu tu. Aliweza kusalimu vizuri, kumwomba mtu asubiri, na kuuliza kama ng'ombe amepona. Mradi hamjaonana ana kwa ana, ungeapa kwamba mama huyu amezaliwa Litein. Ukikutana naye sokoni, maneno yalimwisha baada ya salamu na akarudi kwenye Kiswahili.

Swichibodi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko yeye kwa umri. Ilikuwa na matundu hamsini, thelathini na manane ndiyo yaliyofanya kazi. Nyuzi zake zilikuwa zimechakaa hadi Kepher akazifunga kwa plasta nyeupe ya zahanati, kwa hiyo ubao ulionekana kama majeruhi wa ajali. Sehemu moja ilihitaji kugongwa kwa kiganja, sehemu nyingine ilihitaji kuachwa kabisa. Eucabeth alizijua zote.

Mambo yalibadilika mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nne, kwa sababu ya mbuzi. Meneja wa shamba, Bwana Kipkosgei, kijana wa Bomet aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti hicho, alikuwa akizungumza na dalali wa chai wa Mombasa kuhusu bei ya mnada. Katikati ya mazungumzo, laini mbili zikagusana ndani ya ubao, na sauti za askari wawili wa getini zikaingia. Walikuwa wakibishana kuhusu mbuzi aliyepotea, mmoja akisema alikuwa na baka jeupe, mwingine akisema huyo ni wa shemeji yake. Dalali alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao mbuzi nao wanaletwa mnadani.

Meneja alikuja mwenyewe hadi kwenye chumba cha simu. Hakuwa amekasirika, ila masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mama Celine, hii kitu imezeeka."

"Imezeeka tangu kabla ya wewe kuja, bwana meneja."

"Ofisi kuu wamekubali tununue mpya. Kuna kampuni ya Nairobi imetuletea vitabu." Akaweka mezani makaratasi mawili yanayong'aa. "Sasa, mimi ukiniuliza tofauti ya hii na hii, sijui. Wewe ndiye unayekaa nayo kutwa. Angalia, zunguka, uliza maswali, halafu uniambie tuchukue gani na lini. Ila ningependa iwe imefika kabla ya wakurugenzi kuja mwezi wa sita."

Eucabeth alisema sawa. Meneja alipoondoka, alikaa akiyatazama yale makaratasi. Yalikuwa na mashine mbili. Ndogo ilikuwa ya laini sitini, nayo ilikuja na meza yake ndogo ya opareta yenye taa na vitufe. Kubwa ilikuwa ya laini mia moja na ishirini, na chini ya picha yake waliandika kwa herufi nene kwamba inajibu simu yenyewe kwa sauti iliyorekodiwa, inamwelekeza mpigaji, na haihitaji mtu. Kwenye picha alikuwapo mwanamke mwenye kucha nyekundu anayecheka. Eucabeth alijiuliza mwanamke huyo anacheka nini ikiwa mashine haimhitaji.

Jioni ile alimwonyesha Kepher yale makaratasi wakila. Kepher alisoma akitafuna, akageuza, akasoma tena.

"Mimi kutengeneza ile ya zamani nimechoka," alisema. "Imebaki plasta na maombi. Lakini hii kubwa inaendeshwa na stima. Ile yako ina betri zake na mikono ya watu. Stima ikipotea hapa, na wewe unajua inavyopotea, hii itasema nini?"

"Hawajaandika."

"Basi uliza."

"Na hili la kutohitaji mtu, niulize pia?"

Kepher aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tu kwamba kama ni kuuliza, aulize mapema, si baada ya kununuliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua shamba lina simu ngapi hasa, maana orodha ya ofisini ilitaja hata simu ya nyumba iliyokuwa imebomolewa. Meneja alimpa pikapu na dereva Oyugi kwa siku mbili, naye karani mmoja akakaa kwenye ubao kwa mahangaiko makubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Eucabeth kulizunguka shamba lote. Kwa miaka yote hiyo njia yake ilikuwa nyumbani, ofisini, kanisani na stendi ya mabasi. Sasa alipita katikati ya chai iliyokatwa sawasawa kama kapeti, akishuka kila penye waya, akihesabu, na watu wakitoka kumwona. Walimjua kwa sauti. Kwenye karakana ya matrekta fundi mmoja alimsikia akisema habari za asubuhi, akatoka chini ya gari akiwa na mafuta usoni na kusema, "Kumbe ndio wewe."

Mzee Kimeli wa Divisheni ya Sita ndiye aliyemshangaza zaidi. Kwenye simu alikuwa na sauti nzito inayotikisa kikombe, na Eucabeth alikuwa amemjengea mwili wa kulingana nayo. Aliyemkuta mlangoni alikuwa mzee mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu na viatu vya mpira, aliyemfika begani.

"Chamgei, opareta," alisema kwa sauti ile ile.

Eucabeth alijibu salamu, kisha ikabidi ainame ajifanye anafunga kiatu ili asimcheke. Kimeli alimkaribisha mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, naye akanywa kikombe kizima kwa adabu. Alipomweleza kuhusu simu mpya za kubonyeza namba, mzee alitikisa kichwa.

"Namba ya nini? Mimi nikitaka dakitari nakuambia dakitari. Sasa nianze kukariri namba kama mtoto wa shule?"

"Kila mtu atapewa orodha, mzee."

"Orodha nitaisoma na nini? Miwani iko Kiptere kwa mke mdogo." Akafikiri kidogo. "Hiyo mashine wakileta, hapa kwangu waanze mwisho."

Eucabeth aliandika kwenye daftari: Divisheni ya Sita, simu mbili, waanze mwisho. Jumla yake ilikuwa simu arobaini na saba. Usiku huo alipanga hesabu na kuona kwamba laini mia na ishirini ni za shamba lililo mara mbili ya Chebitet, na kwamba hata wakijenga kambi mpya iliyokuwa ikizungumzwa, sitini zingewatosha kwa miaka mingi.

Wiki iliyofuata alimwomba meneja ruhusa ya kwenda Nakuru. Kijana wa mauzo wa ile kampuni, aliyeitwa Alfayo, alikuwa amejisifu kwamba kinu kimoja cha unga huko kilikuwa na ile mashine kubwa tangu mwaka uliopita. Eucabeth hakwenda na Alfayo. Alienda peke yake, akafika mapokezi, akamkuta mama wa Kisii aitwaye Nyanchama amekaa nyuma ya kaunta akifuma sweta.

"Mimi ni opareta wa Kericho," alijitambulisha. "Wanataka kutununulia mashine kama yenu. Nimekuja kuuliza ukweli."

Nyanchama alimtazama kama mtu aliyeona ndugu. Alivuta kiti, akaagiza chai, na kwa saa nzima akamweleza. Wiki ya kwanza, alisema, alidhani mashine imeharibika, kumbe ni ukimya tu. Hakuwa amezoea kukaa siku nzima bila kusema na mtu. Baadhi ya waliojibiwa na ile sauti iliyorekodiwa walikata simu, wengine waliijibu kana kwamba ni mtu, wakasubiri iwasalimie. Baada ya mwezi wateja wa vijijini wakaanza kuja wenyewe kwa basi. Mwishowe ile sauti ikazimwa, na yeye, aliyekuwa tayari amehamishiwa stoo, akarudishwa mapokezi.

"Kwa hiyo kazi bado unayo."

"Ninayo. Lakini ile miezi minne ya stoo, dada, nilihesabu magunia mpaka nikayaota." Nyanchama alivuta uzi wa sweta. "Mashine si mbaya. Siwezi kukudanganya. Laini haziingiliani, na ukitaka Nairobi unaipata saa hiyo hiyo. Ila haipendi radi. Sisi hapa radi ni chache na imetupiga mara mbili. Huko kwenu si ndiko mvua ya mawe kila siku ya Mungu?"

Eucabeth alirudi Kericho na swali lake limekamilika. Asubuhi iliyofuata alibisha mlango wa meneja.

"Bwana meneja, kabla sijachagua, naomba kuuliza moja. Tukichukua hii kubwa, mimi nitakuwa wapi?"

Kipkosgei alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye. Angeweza kuzungukazunguka, lakini hakufanya hivyo. "Barua ya ofisi kuu inasema hiyo kubwa ikija, nafasi ya opareta inafungwa. Ningejaribu kukutafutia kazi nyingine. Sina uhakika ningepata."

"Na uliponiambia nichague, ulikuwa unajua?"

"Barua imekuja baadaye. Nilitaka kukuambia, nikawa sijui nianzie wapi." Akasugua shingo. "Kama unataka nimpe mtu mwingine kazi hii ya kuchagua, nitaelewa."

Eucabeth alihisi hasira, lakini haikuwa juu ya kijana huyu. Alisema ameianza na ataimaliza.

Alfayo alikuja katikati ya mwezi wa nne na ile mashine kubwa ndani ya gari, ya majaribio, wiki nzima bila malipo. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye suti ya kijivu na viatu ambavyo havikuwahi kuona matope ya Kericho. Aliunganisha laini kumi: ofisi, kiwanda, zahanati, nyumba ya meneja na nyingine chache. Alitaka pia Divisheni ya Sita, kwa sababu ilikuwa mbali na ingeonyesha nguvu za mashine, ila Mzee Kimeli alisimama mlangoni akakataa. Laini zilizobaki ziliendelea kwenye ubao wa zamani, mashine zote mbili zikiwa chumba kimoja.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za Alfayo. Watu wa ofisini walipigiana simu bila sababu, wakicheka. Meneja alizungumza na Mombasa, na hapakuwa na mbuzi. Eucabeth mwenyewe alikiri kwamba sauti ni safi, unasikia mpaka mtu akivuta pumzi.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mbingu upande wa msitu wa Mau ikawa nyeusi. Hilo halikuwa jambo la kuzungumziwa. Kila alasiri ilikuwa hivyo. Eucabeth aliinuka, akafunga dirisha, akamwambia Alfayo, "Kijana, chomoa kitu chako."

"Hakuna haja, mama. Ina kinga ndani."

"Kinga ya radi ya Nairobi au ya Kericho?"

"Radi ni radi."

"Haya," alisema Eucabeth, akavuta kiti chake mbali na ukuta.

Mvua ya mawe ilianza juu ya mabati kwa kishindo ambacho kiliwafanya waache kuongea. Kisha chumba kikawa cheupe. Mlio ulikuja pamoja na mwanga, hapakuwa na nafasi katikati, na taa zote za mashine mpya zikazimika kwa pamoja. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa. Stima nayo ilikuwa imeenda. Alfayo alisimama mikono ikiwa hewani, asijue ashike nini.

Katika giza lile kifuniko cha shaba kikadondoka. Divisheni ya Sita.

"Opareta." Ilikuwa sauti nzito ya Kimeli, lakini safari hii bila salamu. "Paa la banda la mizani limeanguka. Mawe yamelijaza. Wachumaji walikuwa wamejikinga chini. Kuna mama mguu umevunjika, na wengine wameumia kichwa."

"Wangapi, mzee?"

"Watano. Mama wa mguu ndiye mbaya."

"Usikate. Kaa hapo hapo."

Laini ya zahanati ilikuwa mojawapo ya zile kumi, imekufa na mashine. Eucabeth aliinama nyuma ya ubao, akautafuta waya wa zahanati kwa vidole, akaung'oa kutoka mashine ya Alfayo na kuurudisha mahali pake pa zamani, akagonga kwa kiganja pale palipohitaji kugongwa. Akazungusha. Sista Tecla akaitikia. Eucabeth akamweleza kwa maneno kumi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa zahanati, lakini dereva hakuwapo. Tecla alisema ametoka tangu saa nane na hajui alikokwenda.

Eucabeth alijua. Alasiri za mvua, Oyugi, ambaye ndiye pia aliyeendesha gari la wagonjwa, hukaa jikoni mwa nyumba ya wageni, maana mpishi huko hakuwa mchoyo wa chapati. Akazungusha nyumba ya wageni. "Mpe Oyugi simu," alisema, na mpishi hakuuliza amejuaje. Dakika tatu baadaye gari lilikuwa njiani. Eucabeth aliunganisha Tecla na Kimeli moja kwa moja, ili sista amwambie mzee namna ya kuufunga ule mguu kwa mbao za masanduku wakati gari linakuja, naye akabaki kwenye laini akiwasikiliza, akitafsiri pale Tecla, aliyekuwa mtu wa Ukambani, alipokwama. Kipsigis chake cha simu kilitosha. Maneno mengine hakujua ameyajulia wapi.

Yule mama mwenye mguu alikaa hospitali wiki mbili na kutembea na gongo hadi mwezi wa saba. Wale wengine walishonwa wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Alfayo alikuwa amekaa sakafuni, suti yake ikiwa na vumbi. Mvua ilipopungua alisema polepole, "Nitawaambia nini ofisini?"

"Waambie ukweli. Kwamba mlituletea mtambo bila kuuliza tunakaa wapi." Kisha akamhurumia, akammiminia chai kutoka kwenye themosi yake. "Na ile ndogo, inaweza kufungiwa kinga ya nje? Waya wa kwenda ardhini, mrefu, wa shaba? Na betri za kushika kwa muda wa saa nane stima ikienda?"

Alfayo aliwaza. "Inaweza. Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Mimi nauliza. Andika."

Barua aliyompa meneja ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa taipu na yeye mwenyewe. Alisema shamba lina simu arobaini na saba na kwa hiyo laini sitini zinatosha. Alieleza habari ya kinga na betri, na kwamba Kepher amekubali kuuchimbia ule waya wa shaba shimo la futi kumi. Alisema isinunuliwe sasa, wakati wa mvua na wa chai nyingi, bali ifungwe mwezi wa kwanza kukiwa kukavu, na ubao wa zamani usiondolewe mpaka mvua za mwaka huo zipite salama. Mwishoni aliandika: "Najua mtasema nimechagua ile inayohitaji mtu kwa sababu mtu huyo ni mimi. Ni kweli inahitaji mtu. Siku ile ya mawe kama pasingekuwa na mtu, nani angejua dereva yuko jikoni?"

Meneja aliisoma mara mbili. Alichosema ni kwamba wakurugenzi mwezi wa sita watakuta kitu kizee, na itabidi avumilie. Akaweka sahihi, akaipeleka ofisi kuu na barua yake mwenyewe juu.

Wakurugenzi walikuja, wakatembezwa kiwandani na kwenye vitalu, na mmoja wao, mzee wa Kizungu mwenye fimbo, akafika chumba cha simu. Meneja alianza kuomba radhi. Mzee hakumsikiliza. Aliomba kukaa kwenye kiti cha Eucabeth, akavaa hedifoni, na kwa robo saa akawaunganisha watu vibaya kwa furaha kubwa. Aliunganisha kiwanda na kinyozi wa kambini. Alipoinuka alisema ameielewa ile barua ya kurasa mbili vizuri kuliko alivyoielewa akiwa London.

Mashine ndogo ilifungwa mwezi wa kwanza, mwaka wa tisini na tano. Kwa wiki tatu shamba lilikuwa vurugu tupu. Sista Tecla alipigiwa na watu waliotaka gereji. Gereji wakaletewa maelezo ya mtoto mwenye surua. Mzee Kimeli, ambaye laini yake ilikuwa ya mwisho kama alivyoomba, aligundua kwamba ukibonyeza sifuri unampata Mama Celine, na akaamua sifuri ndiyo namba pekee anayohitaji. Eucabeth hakumlazimisha. Wengi walijifunza, na kadiri walivyojifunza, vile vitufe vyake viliwaka kwa nadra, mpaka ikawa anazo saa nzima mchana zisizo na kazi. Meneja alimpa mapokezi ya wageni na kitabu cha magari, na mshahara wake ukapanda daraja moja. Mvua za mwezi wa nne zilikuja na radi zake. Taa zilitetemeka, betri zikashika, na hakuna kilichoungua.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja, yeye na Kepher walishuka Kericho mjini. Walikuwa wamenunua kiploti karibu na Fort Ternan, wamejenga vyumba vitatu vya mabati vya kukaa wikendi, na Celine, aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa amelalamika kwamba hana pa kuwapigia wikendi. Eucabeth aliingia ofisi ya simu na kuomba fomu ya kuwekewa simu ya nyumbani.

Karani aliyekuwa kaunta alikuwa msichana mdogo. Alimsukumia fomu na kalamu. "Umewahi kuwa na simu, mama?"

Eucabeth alifikiri. "Ya kwangu, hapana."

"Itachukua muda kidogo. Nguzo hazijafika huko bado, na walioomba mbele yako ni wengi."

"Nitangoja."

Alijaza jina, sanduku la posta, namba ya kiploti. Chini kabisa palikuwa na mstari wa rangi ya simu unayotaka: nyeusi, krimu, au kijani. Kalamu ikasimama. Alimwita Kepher aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Tuchukue gani?"

"Kwani zote hazilii sawa?" alisema Kepher.

"Nimeuliza rangi."

Kepher alizitazama zile simu tatu zilizowekwa kwenye kabati la kioo, akachukua muda wake kama mtu anayekagua mota. Akasema nyeusi haionyeshi uchafu. Eucabeth akasema nyeusi ametazama kazini miaka kumi na saba. Krimu, akasema Kepher. Krimu itapata alama za mikono ya watoto, akajibu Eucabeth. Msichana wa kaunta akaanza kutabasamu, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni akatoa maoni yake kwamba kijani ni nzuri, inafanana na chai. Eucabeth alimgeukia akamshukuru, akaomba azione tena zote tatu, nje ya kioo, na kama inawezekana azishike mkononi kwanza ajue uzito wake.